Kikapu cha Mama na Somo la Kanuni

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara nimewahimiza wanafunzi wangu waandike, wahesabu na watunze. Hata hivyo, nimepata kuiona kwa macho yangu mali iliyotunzwa vizazi kwa vizazi pasipo daftari wala kalamu, nayo isipotee. Na ilipokaribia kupotea, haikuwa kwa kukosa daftari, bali kwa sababu yangu mimi niliyekuwa nalo.

Mali hiyo ni ujuzi wa wanawake wa kwetu Mutoyi, mkoani Gitega, wa kutia mapambo katika vikapu. Katika makala haya nataka kuwaeleza waalimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wa Kiswahili, jinsi kikapu kimoja kisichomalizika kilivyonifundisha juu ya kanuni jambo ambalo diploma yangu ya ualimu haikunifundisha. Au labda ilinifundisha, nami sikusikia.

Kikapu chenyewe ni cha namna ambayo kila Mrundi anaifahamu: tumbo la mviringo, na mfuniko uliochongoka kama paa la msonge. Kwa Kirundi twakiita igiseke, na kikiwa kidogo huitwa agaseke. Hutiwa unga, maharage au mtama; hupelekwa ukweni; hutolewa zawadi harusini. Twasema kwamba kikapu husukwa, lakini kwa hakika kikapu cha namna hii hushonwa. Mshonaji hushika fungu jembamba la nyasi, akalizungusha juu yake lenyewe kama nyoka anayejikunja, na kila hatua akalifunga kwa uzi kwenye mzunguko uliotangulia. Sindano hutoboa, uzi hupita, mshono mmoja hukaa, kisha mwingine. Kikapu cha kadiri huwa na maelfu ya mishono.

Mapambo yake hayaigi kitu chochote. Hamna ng'ombe humo, wala mtu, wala ua. Ni pembetatu, mistari ya mshazari na meno kama ya msumeno, rangi nyeusi juu ya rangi ya nyasi. Zamani weusi ule ulipatikana kwa utomvu wa ua la mgomba. Siku hizi wengi hununua rangi sokoni.

Mama yangu alishona vikapu maisha yake yote. Madaftari yangu ya shule ya msingi yalinunuliwa kwa vikapu, na sare yangu pia. Siku moja, nikiwa darasa la tano, alikuja shuleni na kikapu kichwani ili akitoe badala ya fedha ya mchango, nami nikajificha nyuma ya vyoo ili wenzangu wasijue kuwa yule ni mama yangu. Aliniona. Mara nyingi baada ya hapo aliniita nikae karibu naye nijifunze kushona, na kila mara nilikuwa na udhuru: mtihani, imla, kitabu cha watu kinachotakiwa kurudishwa.

Alifariki mwaka 2019. Chumbani mwake tulikuta kikapu kilichofika nusu, sindano ingali imechomekwa katika mshono wa mwisho. Ndugu zangu walisema nikichukue mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba ile. Sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili, lakini nilikichukua nikaenda nacho Muyinga, ninakofundisha. Kilikaa juu ya kabati miaka miwili.

Katika likizo ya mwaka 2021 nilikishusha, nikatwaa kalamu na karatasi ya miraba, nikaanza kuhesabu. Ukuta wa kikapu kile ulikuwa na mishono 96 katika kila mzunguko. Ukanda wa kwanza wa mapambo, ambao mama alikuwa ameumaliza, ulikuwa na pembetatu nane nyeusi. Kwa hiyo kila pembetatu ilikuwa imepimiwa mishono 12. Katika mzunguko wa chini kabisa palikuwa na mishono 11 myeusi na mmoja mweupe. Katika mzunguko wa pili, 9 myeusi na 3 myeupe. Kisha 7 na 5. Kisha 5 na 7. Kisha 3 na 9. Na mwisho 1 na 11. Kanuni yote ni fupi kama methali: kila ukipanda, punguza mmoja huku na mmoja huku.

Lakini tazama linalotokea. Pembetatu nyeusi inapopungua kuelekea juu, kati ya nyeusi na nyeusi huzaliwa pembetatu nyeupe iliyosimama kichwa chini, ya ukubwa ule ule: mishono 36 myeusi, mishono 36 myeupe. Mshonaji aliwaza nyeusi tu. Nyeupe imeletwa na kanuni.

Niliendelea na kitako. Kitako ni bapa, na huko kila mzunguko hauna budi kuwa mrefu kuliko uliotangulia. Nilidhani kwamba mama alikuwa akikisia. Nilipohesabu nilikuta kila mzunguko umeongezeka kwa mishono sita au saba, tangu karibu na katikati mpaka ukingoni. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ndiye aliyenieleza sababu yake. Duara likiongezeka kila upande kwa unene wa fungu moja la nyasi, mzingo wake huongezeka kwa unene huo mara sita na kidogo, liwe duara dogo au kubwa. Na mshono wa mama ulikuwa na upana sawa na unene wa fungu lake. Mama hakuwahi kusikia habari za 22/7. Vidole vyake vilikuwa vikiijua.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na kanuni karatasini, nilijiona fundi. Nilirudi Mutoyi kwa mama mdogo, ambaye angali anashona, nikamwomba nyasi na uzi, nikaketi kuumaliza ukanda wa pili. Nilishona siku tatu. Siku ya nne, pembetatu ya nane ilikosa mahali pa kukaa: nilikuwa nimeruka mshono mmoja huko chini, mzunguko ukawa na 95. Mama mdogo alikigeuza kikapu mara moja tu mikononi mwake.

"Mwanangu," alisema, "wewe wahesabu vizuri, lakini huangalii. Fumua."

Tulifumua pamoja kazi ya siku tatu. Na wakati tukifumua alinionyesha jambo ambalo hesabu yangu haikulikamata. Kikapu cha kushona hakina duara kamili. Ni njia moja tu inayopanda polepole, kama ganda la konokono. Kwa hiyo mahali mzunguko unapokwisha pako juu kidogo ya mahali ulipoanzia, na hapo pembetatu ya mwisho na ile ya kwanza hazikutani sawasawa. Kila mshonaji ana namna yake ya kupaficha mahali hapo. Mama, katika mzunguko wa mwisho wa ukanda wa kwanza, alikuwa ametia ndani ya weupe mshono mmoja wa ziada, mshono wa 97, akaubana kati ya wenzake hata jicho lisiuone. Mimi nilikuwa nimeuhesabu mara mbili huko Muyinga, na mara zote mbili niliufuta katika karatasi yangu, nikidhani kwamba nimekosea kuhesabu.

Usiku ule, nikiwa nimelala katika nyumba ya mama mdogo, niliikumbuka kambi ya Lukole. Mwaka 1996, vita vilipopamba moto nchini mwetu, tulivuka mpaka kwa miguu tukaingia wilaya ya Ngara, nchini Tanzania. Hatukubeba kitu, hata sindano ya mama ilibaki. Huko kambini mama alipata kipande cha waya, akakinoa juu ya jiwe. Alifumua magunia yaliyochakaa ya chakula cha msaada, akapata nyuzi za nailoni, nyeupe na nyingine za buluu pale yalipokuwa yamepigwa maandishi. Akashona pembetatu zile zile. Nyasi zilikuwa za nchi nyingine, na uzi haukuwa uzi wetu, lakini kikapu kilipokwisha, Mrundi yeyote aliyekipita alisimama akakitazama. Nyumba huchomwa, ng'ombe huchukuliwa, vyungu huvunjika. Kanuni haina uzito. Mtu huvuka nayo mto akiwa mikono mitupu.

Nami katika kambi ile ile nilijifunza Kiswahili, kwanza sokoni, baadaye kwa vitabu. Tuliporudi mwaka 2004 kupitia Kobero, sikuwa na mzigo mwingine wa maana niliorudi nao. Nilibaki Muyinga kwa sababu mjini pale Kiswahili kilikuwa na wenyewe, na baadaye nikakisomea ualimu.

Tangu siku za kikapu kile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya sanaa ya namna hii, na nimeona kwamba hatuko peke yetu. Ng'ambo ya mpaka wa Muyinga, katika nchi ya kale ya Gisaka ambayo leo imo mashariki mwa Rwanda, wanawake hutengeneza imigongo. Hukanda samadi ya ng'ombe pamoja na majivu, wakaifinyanga juu ya ubao kuwa matuta membamba ya mistari na pembe, kisha wakayapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wachokwe wa Angola, pamoja na jirani zao wa Kongo na Zambia, walikuwa na michoro ya mchangani iitwayo sona: mchoraji hupanga nukta kwa safu zilizo sawa, kisha hupitisha kidole kati ya nukta hizo kwa mstari mmoja unaojizungusha, huku akisimulia hadithi au kutega kitendawili. Mtaalamu wa hisabati wa Msumbiji, Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuonyesha hesabu iliyomo katika michoro hiyo na katika vikapu vya Afrika.

Katika nchi za Ulaya na Marekani sanaa hii ilipata jina kubwa katika karne iliyopita. Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris na kufariki huko mwaka 2023 akikaribia umri wa miaka mia moja, alianza mwaka 1959 kuchora kwa kufuata kanuni alizojiwekea mwenyewe, hatua kwa hatua, kana kwamba yeye ni mashine. Na mwaka 1968 akaanza kutumia kompyuta yenyewe. Mwaka huo huo wa 1968, Mmarekani Sol LeWitt alianza michoro yake ya ukutani. Kwake yeye msanii aliandika maagizo tu, na watu wengine wakachora; mistari ya namna nne, yaani wima, mlalo na mishazari miwili, ilimtosha kujaza kuta. Mchoro ukipakwa chokaa ukafutika, haukuwa umekufa, kwa kuwa maagizo yalibaki na mtu mwingine angeweza kuuchora tena. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mama akinoa waya wake juu ya jiwe.

Msomaji wa jarida hili ataniuliza: haya yote yanahusu nini ufundishaji wa Kiswahili? Yanahusu sana. Sisi tunaofundisha ushairi twajua kwamba ubeti wa shairi la kawaida una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, nane kabla ya kituo na nane baada yake, na kwamba kina cha kati na kina cha mwisho hurudi mahali pake kila mara. Silabi ni mshono, na kina ni pembetatu inayotazamiwa kutokea tena baada ya hatua zile zile. Kanuni hizi zilitembea midomoni na masikioni mwa watu kwa muda mrefu. Kaluta Amri Abedi, mwenyeji wa Ujiji, kando ya ziwa letu la Tanganyika, alipotoa mwaka 1954 kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, alifanya lile ambalo mama yangu hakulifanya: alizitia daftarini. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mjadala mkali ukaendelea kati ya wataalamu. Sina nia ya kuufufua mjadala ule. Hofu yangu si juu ya washairi wakubwa, ambao wajua wanachokifuata na wanachokiacha. Hofu yangu ni juu ya kalamu nyekundu ya mwalimu.

Miaka michache kabla ya kufumua kikapu kile, mwanafunzi wangu mmoja, mvulana asiyesema sana, aliniletea shairi ambalo sikumwagiza. Lilikuwa juu ya ng'ombe ambaye baba yake alimuuza ili yeye asome. Mshororo mmoja ulikuwa na mizani 17. Niliupigia mstari, nikaandika pembeni "mizani!", nikampa alama nne kwa kumi. Hakuniletea shairi jingine, wala mwaka ulipokwisha hakuwa tena mwanafunzi wetu. Nilikuwa nimehesabu vizuri, sikuwa nimeangalia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kosa lile lilikuwa na dawa, na dawa yenyewe nilikuwa nimeisomea. Washairi wetu wana inkisari, yaani kulifupisha neno ili mizani itimie, na wana mazida, yaani kulirefusha. Mtoto yule alikuwa ameandika "baba yangu". Ningemwonyesha kwamba washairi husema "babangu", silabi moja ingeondoka, na shairi lingesimama. Lilihitaji neno moja tu kutoka kwangu. Inkisari na mazida ndiyo mshono wa 97 wa mama: si uvunjaji wa kanuni, bali ni ujuzi wa mtu aliyeishi na kanuni mpaka akajua ni wapi inapohitaji kusaidiwa. Mjinga huruka mshono kwa kutojua, kama nilivyofanya mimi. Fundi huuongeza kwa kujua. Kazi ya mwalimu ni kumvusha mwanafunzi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na hamvushi kwa mstari mwekundu.

Kwa ajili hiyo nimeanza kufanya darasani zoezi ambalo napenda kuwapa wenzangu, kwa kuwa halihitaji fedha wala vifaa zaidi ya karatasi za miraba. Kikundi cha kwanza huandika kwa Kiswahili maagizo ya pambo, bila kuchora. Kikundi cha pili huyapokea na kuyachora, bila kuuliza swali. Maagizo yaweza kuwa rahisi kama haya: "Katika mstari wa kwanza paka miraba miwili, acha miwili, endelea hivyo mpaka mwisho. Katika kila mstari unaofuata sogeza pambo mraba mmoja kulia. Ukimaliza mistari mitano, anza kurudi kushoto." Wakiyafuata sawasawa hupata meno ya msumeno kama ya vikapu vyetu.

Lakini mara ya kwanza hawapati. Mmoja ameandika "mstari wote" alipotaka kusema "kila mstari", na kumbe tofauti kati ya "-ote" na "kila", ambayo nimeifundisha mara kumi kwa ubao na chaki, sasa inaonekana kwa macho. Mwingine ameandika "sogeza kulia", na wachoraji wawili walioketi wakitazamana wameuelewa upande wa kulia kila mmoja kwa namna yake. Hapo mabishano huanza, nayo hufanyika kwa Kiswahili. Katika shule zetu lugha hii hukaa pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na ni nadra mtoto kuona kuwa anaihitaji kwa jambo linalomhusu. Katika zoezi hili anaihitaji, maana pambo lake limo mikononi mwa mwenzake.

Wakishaweza, nawapa sharti la mwisho: kila mmoja avunje kanuni mahali pamoja tu, popote apendapo, kisha aandike sentensi moja ya kueleza kwa nini alichagua mahali hapo. Wengi hukwama katika sentensi hiyo kuliko katika mchoro. Msichana mmoja aliacha mraba mmoja mweupe katikati ya pambo jeusi, akaandika kwamba hapo ndipo alipokuwa akimkumbuka nyanya yake. Sikulipa alama.

Kikapu cha mama bado sijakimaliza. Ukanda wa pili umekwisha, lakini mfuniko ni kazi nyingine, kwa kuwa huko mishono hupungua kila mzunguko mpaka kwenye ncha, na pembetatu hazina budi kupungua pamoja nayo. Mama mdogo anasema nitaweza, kama nitakuja Mutoyi kila likizo na kama macho yake yatamruhusu. Kila nikienda naandika kanuni moja zaidi, na nimeona vyema kuandika katika daftari langu si 96 peke yake, bali na 97 pembeni yake, pamoja na maelezo ya mahali ulipo.

Waalimu wenzangu, wengi wetu tulilipiwa ada na mikono ambayo hatukupata kuiuliza inahesabu nini. Mikono hiyo inazeeka. Wenzetu wa pwani watuandikie jinsi mama zao wanavyoanza ukili wa mkeka, ni miyaa mingapi, na pambo hugeuka baada ya hatua ngapi. Na wa bara waandike juu ya vikapu, vyungu na kuta za kwao. Waandike kwa Kiswahili kilichonyooka, ili msomaji wa mbali aweze kulifuata agizo akapata pambo lile lile. Na wakikuta katika hesabu yao mshono mmoja uliozidi, nawasihi wasiufute kabla ya kumwuliza aliyeutia.